Stelingi wa Kazi na Stelingi wa Harusi: Nani Alikuwa Nani Katika Filamu za Kale za Upanga

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video anaijua sheria ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Risasi zitampita, ngome itamwangukia, meli itazama naye, na mwisho atatokea na shati lililochanika begani tu. Sheria ya pili ni kwamba adui mkubwa anauawa na stelingi mwenyewe. Ya tatu, stelingi anaondoka na binti. Mtoto wa mtaani atakuonesha stelingi ndani ya dakika kumi za mwanzo, hata kama haelewi neno moja la lugha inayosemwa.

Sasa waoneshe watoto hao The Thief of Bagdad ya mwaka 1940. Watagombana, kwa sababu filamu hiyo ina stelingi wawili, au tuseme ina stelingi mmoja aliyepasuliwa katikati.

Upande mmoja yupo Abu, kijana mwizi wa sokoni. Ndiye anayeiba ufunguo wa gereza, ndiye anayegeuzwa mbwa kwa uchawi, ndiye anayemlaghai jini arudi chupani. Anapanda sanamu kubwa, anapambana na buibui wa kutisha, anaiba jicho linaloona yote, anakuja na zulia la kuruka, na mshale wake ndio unaomuua Jaffar, waziri mchawi. Upande wa pili yupo Ahmad, mfalme aliyenyang'anywa kiti. Sehemu kubwa ya hadithi yeye ni kipofu, au mfungwa, au mtu wa kutazama mbali akimkumbuka mpenzi wake. Mwishoni ndiye anayempata binti Sultani wa Basra. Abu anaahidiwa kupelekwa shule ili aje kuwa waziri. Anaruka na zulia na kutoroka, na mimi simlaumu.

Abu alichezwa na Sabu, mtoto wa mchunga tembo kutoka Mysore, India. Ahmad alichezwa na John Justin, Mwingereza. Kazi ikaenda kwa mmoja, harusi kwa mwingine.

Nimeanza hapa kwa sababu mgawanyo huu unalegeza fundo ambalo mijadala mingi huliacha limekaza. Ukiuliza kama filamu za kale za upanga, zile za maharamia, wapanda farasi waliofunika nyuso na masultani wenye mazulia, zilikuwa na watu wa rangi zote, utajibiwa kwa kuhesabu vichwa: Mhindi yupo, Mwafrika yupo, Mchina yupo. Kweli wapo, tena wengi, maana hadithi zenyewe zilipenda bandari, masoko na kasri za mbali. Swali lenye uzito ni lile la kibandani. Nani anashika upanga? Nani anabusiwa? Nani yuko hai taa zikiwaka?

Mwaka 1924 mwizi wa Baghdad alikuwa mtu mmoja. Douglas Fairbanks, ambaye miaka minne kabla alikuwa ameifungua njia ya filamu hizi kwa The Mark of Zorro, alicheza kifua wazi, akarukaruka juu ya mitungi, akaiba, akatubu, akapanda zulia, akaoa. Waliomzunguka ndio wa kutazamwa. Adui, mwanamfalme wa Wamongolia, alikuwa Mjapani Sojin Kamiyama. Mtumwa wa Kimongolia anayempelelezea habari za kasri alikuwa Anna May Wong, Mmarekani wa asili ya Kichina aliyezaliwa Los Angeles, ambaye hakuwa amefika hata miaka 20. Mwanamfalme wa India alikuwa Noble Johnson, Mmarekani mweusi. Mwanamfalme wa Uajemi, yule mnene mwenye masharubu, alikuwa mwanamke wa Kifaransa, Mathilde Comont. Katika Baghdad yote hiyo, ukisoma majina makubwa, aliyekosekana ni Mwarabu.

Noble Johnson anastahili tukae naye kidogo. Mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya Wamarekani weusi iliyotengeneza filamu ambamo watu weusi walikuwa watu, si vichekesho. Humo alikuwa stelingi kwelikweli. Mwaka 1918 aliachia uongozi wa kampuni hiyo na kubaki na ajira yake kwenye studio kubwa, na huko akacheza karibu kila taifa chini ya jua. Alikuwa mwanamfalme wa India kwa Fairbanks, alikuwa chifu wa kisiwa katika King Kong (1933), na katika The Most Dangerous Game (1932) alipakwa rangi nyeupe akawa Ivan, Mkozaki wa Urusi. Mtu aliyeweza kuwa kila mtu, ila stelingi.

Kwa nini? Jibu la haraka ni ubaguzi, na si jibu la uongo. Lakini ubaguzi nao una utaratibu wake wa kazi, na ukiuona utaratibu unaelewa kwa nini hata watengenezaji wenye nia njema walifika palepale.

Mwaka 1930 studio za Hollywood zilijiwekea kanuni za maadili, na kuanzia 1934 zikaanza kusimamiwa kwa ukali chini ya Joseph Breen. Zilidumu hadi 1968. Kati ya mambo yaliyokatazwa ni mapenzi kati ya mtu mweupe na mtu mweusi, na kwa vitendo katazo hilo likavutwa hadi kwa watu wa Asia. Unganisha sasa kanuni hiyo na sheria ya tatu ya kibandani. Stelingi lazima aondoke na binti. Binti ni nyota mweupe, kwa kuwa jina lake ndilo linalouza tiketi. Binti huyo haruhusiwi kubusiwa na mwanamume asiye mweupe. Hesabu inajikamilisha yenyewe: stelingi atakuwa mweupe, hata kama hadithi iko Baghdad, Algiers au Samarkand. Hakuna aliyehitaji kuandika amri.

Kuna kipengele kimoja hapa ambacho huwachanganya watu. Kanuni ilimtazama mwigizaji kuliko mhusika. Mzungu aliyepakwa rangi akawa Mwarabu angeweza kumbusu Mzungu mwenzake aliyejifunga ushungi, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika. Mwathirika anayejulikana zaidi ni Anna May Wong. Filamu ya The Good Earth (1937) ilihusu mkulima wa China na mkewe. Mume alipopewa Paul Muni, Mzungu, Wong hakupewa nafasi ya mke, ingawa hapakuwa na mwigizaji wa asili ya Kichina aliyejulikana Marekani kumzidi yeye. Nafasi ikaenda kwa Luise Rainer, mwanamke wa Ulaya, naye akapata tuzo ya Oscar kwa kuwa Mchina.

Na nyuma ya kanuni kulikuwa na soko. Filamu ililazimika kuonyeshwa pia katika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako bodi za miji za kukagua filamu zilikuwa na mkasi wao. Lloyd Binford, aliyeongoza bodi ya Memphis kuanzia 1928 hadi katikati ya miaka ya 1950, alijulikana kwa kukata au kupiga marufuku filamu zilizomwonesha mtu mweusi katika nafasi isiyo ya mtumishi. Mtayarishaji mwenye akili ya biashara hakusubiri kukatwa. Alijikata mwenyewe mapema, kwenye karatasi ya mswada, kwa penseli.

Turudi kwa Sabu, maana kuna pingamizi la haki. Alizaliwa mwaka 1924. Wakati wa kumcheza Abu alikuwa mvulana wa miaka 15 hivi, na mvulana wa umri huo haozwi binti Sultani. Sawa. Basi tumsubiri akue. Mwaka 1942, katika Arabian Nights, ana miaka 18: stelingi ni Jon Hall, Mmarekani, na Sabu ni kijana mchekeshaji wa pembeni. Mwaka 1944, katika Cobra Woman, ana miaka 20: stelingi ni Jon Hall tena, na Sabu yuko palepale pembeni. Mwaka huohuo alipata uraia wa Marekani, akaenda vitani katika jeshi la anga kama mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege za B-24, akarudi na nishani ya Distinguished Flying Cross. Vita vya kweli vilimpa alichonyimwa na vita vya kuigiza. Baada ya hapo nafasi zikazidi kuwa ndogo, naye akafariki mwaka 1963 akiwa na miaka 39.

Lakini ndani ya filamu ileile ya 1940 kuna mtu wa pili, na sijui watu huwaje wanamruka. Chupani anatoka Rex Ingram, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Cairo, ila ni Cairo ya Illinois. Jini anayemcheza amefungwa na Nabii Suleimani kwa miaka elfu mbili, na akitoka anacheka kicheko kinachoujaza ufuo mzima. Ni mkubwa kuliko wote, hana upanga, na anatakiwa kutimiza matakwa matatu ya mtoto. Angeweza kuwa mtumishi mwingine tu, mwenye misuli na bila akili. Ingram hakumcheza hivyo. Jini wake ana dharau, ana hasira ya mfungwa, anapima kila neno la mkataba, na matakwa yakiisha hana deni. Anacheka tena, anaruka zake, anamwacha Abu mlimani peke yake. Mwaka 1940, kwenye skrini za Marekani, mtu mweusi anamwacha bwana wake bila kuaga vizuri, na hakuna kinachompata. Kwangu mimi hicho ndicho kipande bora kuliko vyote katika filamu hiyo, na hakuna busu wala upanga ndani yake.

Ndipo tunafika kwenye hoja inayorudi kila mara mwigizaji mweusi anapopewa kofia ya haramia au koti la askari wa mfalme: kwamba historia yenyewe ilikuwa ya Wazungu, na filamu za zamani ziliifuata tu. Hoja hii ina sauti kubwa kuliko miguu. Ukiiweka historia karibu na filamu, unaona kwamba mara nyingi kilichofanyika ni kuondoa watu waliokuwapo, na kuondoa ni kazi.

Captain Blood ya 1935, iliyomfanya Errol Flynn kuwa nyota, inaanza Uingereza mwaka 1685. Daktari Peter Blood anamtibu mwasi aliyejeruhiwa, anahukumiwa kama mwasi mwenyewe, anasafirishwa hadi Jamaica, na Port Royal ananunuliwa mnadani kwa pauni 10. Uasi huo ulitokea kweli, na mamia ya waasi walipelekwa kweli kwenye visiwa vya Karibi. Hukumu yao ilikuwa utumishi wa miaka 10. Wakati huohuo Jamaica ilikuwa tayari na Waafrika watumwa wengi kuliko Wazungu, na hao utumwa wao haukuwa na mwaka wa mwisho. Mtoto aliurithi kama jina la ukoo. Filamu ilichukua mnada, mjeledi, chuma cha moto na shamba la miwa, vyote hivyo, ikavivisha kwa Flynn na wenzake. Watazamaji wa 1935 walilia kwa ajili ya utumwa wa Karibi bila kulazimika kumtazama usoni Mwafrika mmoja aliyeuishi.

The Sea Hawk ya 1940 ina kisa kirefu zaidi. Riwaya ya Rafael Sabatini ya mwaka 1915 inamhusu Mwingereza wa Cornwall anayeuzwa kuwa mpiga makasia, anasilimu, na kuwa nahodha wa maharamia wa Algiers kwa jina la Sakr-el-Bahr, mwewe wa bahari. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno la mwisho. Filamu bubu ya 1924 ilimfuata mpaka Algiers. Ile ya 1940 ilibakiza jina la filamu tu. Uislamu ukatoka, Algiers ikatoka, na mahali pake pakaja nahodha wa Malkia Elizabeth anayepambana na Wahispania. Sababu iliyo wazi ni vita: Uingereza ilikuwa ikipigana na Hitler, na mfalme wa Hispania ambaye kivuli chake kinaifunika ramani ya dunia ukutani hakuwa fumbo gumu.

Nahodha huyo mpya alichongwa kwa mfano wa Francis Drake, na hapo ndipo pananichekesha. Drake wa kweli aliwahi kusafiri na John Hawkins katika biashara ya kuuza Waafrika. Kisha mwaka 1573 alifanikiwa kuteka hazina ya Panama kwa sababu aliungana na Wasimaroni, Waafrika waliotoroka utumwa wa Wahispania na kuishi porini wakiwa na silaha zao. Mmoja wa Waafrika waliojiunga naye kule, Diego, alisafiri naye tena katika ile safari ya kuizunguka dunia, akafia njiani. Mtu mweusi mwenye silaha, anayejua njia ya msituni, anayeijua lugha ya adui: mwandishi gani wa mswada asingemtaka? Filamu ina Panama, ina msitu, ina msafara wa dhahabu. Diego hamna.

Kwa maharamia wa baadaye, wale wa miaka ya 1710, ushahidi ni mwingi zaidi. Meli ya Whydah, aliyoiteka Sam Bellamy mwaka 1717, ilikuwa ya watumwa na ilibeba jina la Ouidah, mji wa Benin ya leo. Ilizama mwaka huohuo karibu na Cape Cod, na kati ya wawili waliookoka humo mmoja alikuwa John Julian, rubani wa kabila la Wamiskito wa Amerika ya Kati. Bartholomew Roberts alipouawa mwaka 1722, mabaharia wake walipelekwa Cape Coast, Ghana ya leo. Wazungu walishtakiwa, na 52 kati yao wakanyongwa. Weusi hawakupewa hata kesi, waliuzwa. Tusiwapake maharamia asali, kwani wao pia waliuza Waafrika waliowakuta melini kama shehena nyingine yoyote. Ila sitaha iliyojaa Wazungu watupu ilikuwa ya Hollywood.

Na sasa Dumas, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa. Hakuna jina lililolisha filamu za upanga kuliko lake. Askari watatu wa mfalme na yule mfungwa wa Monte Cristo wamechezwa mara nyingi kiasi cha kuchosha. (Msomaji wa pwani akiona mfungwa anatoroka atakumbuka mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, uliomtoa Fumo Liyongo kifungoni, naamini Dumas angeuonea wivu mkate ule.) Alexandre Dumas alizaliwa Ufaransa mwaka 1802. Baba yake, Thomas-Alexandre, alizaliwa mwaka 1762 huko Saint-Domingue, Haiti ya leo, mwana wa kabaila wa Kifaransa na mwanamke mtumwa aliyeitwa Marie-Cessette Dumas. Akawa jenerali wa jeshi la Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1797 alilishika daraja moja la milima ya Tyrol karibu peke yake dhidi ya wapanda farasi wa Austria, kisha baadaye akafungwa gerezani Taranto hadi afya yake ikavunjika. Upanga, daraja, gereza: mwana hakuhitaji kubuni sana.

Tazama lile jina. Jenerali alipojiunga na jeshi aliacha jina la baba kabaila, akachukua la mama. Kwa hiyo kila bango la sinema lililowahi kuandikwa Dumas, juu ya picha ya Mzungu aliyevaa kofia yenye unyoya, limebeba jina la mwanamke mtumwa wa Saint-Domingue. Mwandishi mwenyewe alilijua hilo, na alitukanwa kwalo maisha yake yote. Mwaka 1843 alitoa Georges, riwaya kuhusu mtu wa damu mchanganyiko anayekwenda kupambana na ubaguzi wa wenye mashamba Mauritius, katika Bahari ya Hindi. Riwaya hiyo haikupata mabango. Na mwaka 2010, miaka minane baada ya Ufaransa kuyahamishia mabaki yake Panthéon, jengo la makaburi ya watu mashuhuri wa taifa, kwa heshima zote, filamu ya Kifaransa ilimpa nafasi ya Dumas Gérard Depardieu, akiwa amepakwa rangi kidogo na kuvikwa nywele za kipilipili. Kulizuka malalamiko, na ilistahili.

Wanawake wana kisa chao, nacho kinafuata mkondo uleule. Anne Bonny na Mary Read walishtakiwa kwa uharamia Jamaica mwaka 1720, na filamu zikawapenda, kwa masharti. Maureen O'Hara alipigana kwa upanga vizuri katika Against All Flags na At Sword's Point, zote za 1952, lakini mwisho upanga ulipaswa kuwekwa chini ili mkono uwe huru kwa pete. Kinyume chake kilitoka Bombay. Ndugu wawili wa Wadia, mmoja wao mpenzi mkubwa wa filamu za Fairbanks, walitoa Hunterwali mwaka 1935, na aliyefunika uso, akashika mjeledi na kuwaadhibu waonevu alikuwa mwanamke, Fearless Nadia. Mambo yakazidi kuwa matamu: Nadia alikuwa Mary Ann Evans, mzaliwa wa Perth, Australia. Yaani Hollywood ilimpaka Mzungu rangi akawa Mwarabu, na India ikamchukua Mzungu kama alivyo, na nywele zake za dhahabu, ikamfanya shujaa wa Kihindi. Misri nayo haikupona. Antar bin Shaddad, mshairi na mpiganaji wa Kiarabu ambaye mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi na ambaye hadithi yake yote ni weusi wake, katika filamu ya 1961 alichezwa na Farid Shawqi, Mmisri ambaye hakuwa mweusi.

Kanuni zilipokufa mwaka 1968 mlango haukufunguka wote kwa pamoja. Mwaka 1976, katika Swashbuckler, James Earl Jones alipewa upanga, meli na kicheko, pale palepale Jamaica. Stelingi alikuwa Robert Shaw. Mwaka 1991 Morgan Freeman aliingia msitu wa Sherwood kama Azeem, Mwislamu mweusi, katika Robin Hood: Prince of Thieves. Mpime kwa sheria za kibandani. Anaokoa maisha ya stelingi, ana darubini, anajua baruti, anamzalisha mke wa Little John kwa kumpasua, anahutubia jeshi. Kwa akili anawazidi wote msituni, kwa upanga hapitwi na mtu, na bibi harusi hana. Nusu karne baada ya Abu, mgawanyo wa kazi na harusi bado ulikuwa unapumua, ingawa safari hii mtu wa kazi alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake.

Katikati ya miaka ya 2000 wakaja waliosema wenyewe. Filamu ya pili ya Pirates of the Caribbean ilipokwenda kupigwa Dominica, mswada uliwaonesha wenyeji wa kisiwa kuwa wala watu. Chifu wa Wakalinago, Charles Williams, alipinga hadharani: tuhuma hiyo ndiyo iliyotumiwa na Wazungu wa kwanza kuhalalisha kuwaua babu zake. Filamu haikubadilishwa. Baadhi ya watu wake mwenyewe walikubali kuigiza humo, kwa sababu kazi ni kazi na kisiwa ni maskini, na sidhani kama mtu aliye mbali ana haki ya kuwahukumu.

Mimi ugomvi wangu mkubwa si na Jamaica wala Sherwood. Ni na Sinbad. Wengi wetu tulimjua katika Alfu Lela Ulela kabla ya kumwona, na bahari anayosafiri ni hii yetu, ya kusi na kaskazi. Watu wa Sohar, Oman, husema alikuwa wa kwao. Yule ndege rukh anayeinua tembo, Marco Polo alimweka upande wa Madagascar. Hollywood ikampa Sinbad sura ya Douglas Fairbanks Jr. mwaka 1947, ya Kerwin Mathews mwaka 1958, na mwaka 1977 ya Patrick Wayne, mtoto wa John Wayne wa filamu za makauboi. Kwa mafundi wa filamu hizo sina neno baya. Mifupa aliyoichezesha Ray Harryhausen mwaka 1958, ikapigana na Sinbad ngazi kwa ngazi, bado inapendeza. Hata mifupa ilipewa upanga. Mwarabu alikuwa bado anasubiri zamu.

Na hadithi zenyewe zilikuwapo, zimeandikwa. Katika kitabu cha maajabu ya Bahari ya Hindi cha Buzurg bin Shahriyar, nahodha wa karne ya 10, kuna kisa cha meli iliyotoka Oman mwaka 310 wa Hijria, yaani 922, ikielekea Kanbalu, na upepo ukaisukuma hadi Sofala ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Mfalme kijana wa pale aliwapokea vizuri, akawaacha wafanye biashara bila ushuru, na siku ya kuondoka akapanda melini kuwaaga. Nahodha akampiga jicho, akakadiria kwamba kwenye soko la Oman kijana yule angefika dinari 30. Wakatweka tanga wakiwa naye.

Akauzwa Oman. Akapelekwa Basra, akajifunza kusali na kusoma Kurani. Akauzwa tena, Baghdad. Akatoroka na msafara wa mahujaji hadi Makka, akapita Cairo, akaufuata mto Nile kuelekea kusini, akakamatwa njiani, akatoroka, akakamatwa tena, akatoroka tena, mpaka akafika kwao usiku na kumuuliza kikongwe mmoja habari za mfalme. Akaambiwa nchi haijaweka mfalme mwingine, kwa kuwa waganga walisema yule wa kwanza yu hai, katika nchi ya Waarabu.

Miaka ikapita, na upepo ukaileta meli ileile kwenye ufuo uleule. Nahodha na wenzake walipomwona aliyeketi kitini, miguu iliwaisha nguvu. Yeye akawasamehe, akawaambia kwamba kwa kumuuza walimfikisha kwenye dini yake, na kwamba Waislamu wote sasa waje, wafanye biashara kama ndugu. Ila kuhusu kuwasindikiza mpaka melini, akasema, hapo ana sababu zake za kukataa.